Umeacha sindano, hesabu inaanzia wapi?

Mwanamke kachoma sindano yake ya mwisho ya uzazi wa mpango mwezi wa kwanza, mwezi wa nne hakurudi kliniki kwa sababu wameshakubaliana na mumewe wanataka mtoto, basi ikifika mwezi wa sita kimya, pale nyumbani maneno yanakuwa yameshaanza. Mama mkwe anauliza kwa upole, wifi anauliza bila upole, na mume ambaye alikuwa anatoa mwenyewe nauli ya bajaji ya kwenda kuchoma ile sindano anaanza kununa. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, iwe Uyole, iwe Tukuyu, panda gari mpaka Makambako au Mafinga utaikuta habari hiyo hiyo, na hukumu yake ni moja tu: sindano zimemuharibu kizazi.

Mimi nasema hapo tunakosea hesabu, na tunakosea vibaya. Sindano ina mambo yake na nitayasema, siitetei kama mfanyabiashara, lakini hukumu ya mwezi wa sita inatolewa kabla ya wakati wa kuhukumu, na anayeilipia ni mwanamke peke yake, kwa hela yake, kwa mwili wake, na wengine kwa ndoa zao kabisa.

Tuanze na sindano yenyewe manake ndo yenye kesi nyingi. Ile ya miezi mitatu, Depo-Provera, ni miligramu 150 za homoni zinazochomwa kwenye msuli wa bega au tako, na dawa imetengenezwa kwa chembechembe ndogo sana zinazoyeyuka taratibu, ndo maana dozi moja inadumu muda wote huo. Ikiwa mwilini inazuia ubongo usitoe ile homoni inayoliamuru yai litoke kwenye ovari, kwa hiyo yai halitoki, na ukuta wa ndani wa kizazi unabaki mwembamba kiasi kwamba kwa wanawake wengi hata hedhi inakata. Hamna damu iliyoganda. Hamna uchafu uliorundikana tumboni ukisubiri kusafishwa, ile damu ya mwezi haikutengenezwa kabisa. Naomba hili lieleweke vizuri kwa sababu biashara nzima ya kusafisha kizazi imesimama juu ya damu ambayo haipo.

Sasa ile miezi mitatu ni muda ambao kliniki inakuhakikishia kinga. Dawa yenyewe haikatiki siku hiyo. Wataalamu waliweka muda mfupi makusudi ili hata yule ambaye mwili wake unaimaliza dawa haraka asipate mimba akiwa bado kwenye ratiba, maana yake wengine wote wanabaki nayo mwilini wiki na wiki baada ya tarehe ya kadi kupita, na wengine miezi kadhaa. Karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe inasema wazi: katika wanawake wanaoshika mimba baada ya kuacha, nusu yao wanakuwa wameshashika kufikia mwezi wa 10 tangu sindano ya mwisho, wa mapema kabisa ni miezi 4 na wa mwisho kabisa ni miezi 31. Ndani ya miezi 12 ni asilimia 68, miezi 15 ni asilimia 83, miezi 18 ni asilimia 93. Chukua hizo namba umpelekee yule mwanamke wa mwezi wa kwanza. Mwezi wa 10 wake unaangukia Novemba. Juni wakati wifi anamsema alikuwa mwezi wa tano tu.

Na kuna jambo lingine kwenye karatasi hiyo hiyo ambalo watu wengi hawaliamini ukiwaambia, kwamba urefu wa muda uliotumia sindano haubadilishi huo muda wa kusubiri. Aliyechoma mara moja na aliyechoma miaka sita wanasubiri sawa. Dawa haijilimbikizi mwaka hadi mwaka mpaka "ijae mwilini" kama tunavyoambiwa, kinachosubiriwa kiishe ni ile dozi ya mwisho.

Huko Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ambako hii sindano ilitumika na watu wengi mapema sana, watafiti waliwafuatilia wanawake karibu 800 walioiacha wakawaweka pembeni ya wanawake walioacha kitanzi, matokeo yakachapishwa mwaka 1980. Wale watafiti walifanya kitu ambacho sisi hatufanyi nyumbani, walitoa kwanza kwenye hesabu ule muda ambao dozi ya mwisho ilikadiriwa bado inafanya kazi. Wakaanza kuhesabu hapo. Ikaonekana nusu ya walioacha sindano walishika mimba ndani ya miezi mitano na nusu, na walioacha kitanzi ndani ya minne na nusu. Tofauti ya mwezi mmoja! Na baada ya miaka miwili, pande zote mbili zaidi ya asilimia 90 walikuwa wameshashika. Kwa hiyo ukisikia sindano inachelewesha ni kweli kabisa, inachelewesha kuliko njia nyingine zote za muda, lakini kuchelewesha na kuharibu ni vitu viwili na mimi sikubali viwekwe kwenye kapu moja.

Njia nyingine nazipitia haraka manake kesi zake ni fupi. Kitanzi cha kopa, wengine wanaita lupu, hakina homoni hata kidogo, kikitolewa leo yai la mwezi huo huo linaweza kutunga. Vidonge vya majira vinatoka mwilini ndani ya siku chache na hedhi inachukua muda kidogo kukaa sawa. Utafiti mmoja wa Denmark na Amerika ya Kaskazini uliotoka 2020, wanawake karibu 18,000, ulikuta waliotumia vidonge wanachukua kama mizunguko mitatu ya hedhi kurudi kwenye hali ya kawaida ya kushika mimba, vijiti na vitanzi kama miwili, na sindano mitano mpaka minane. Na kabla ya hapo, 2018, watafiti wa Ethiopia walikusanya tafiti 22 zenye wanawake zaidi ya 14,000 walioacha njia mbalimbali wakakuta asilimia 83 walishika mimba ndani ya mwaka, ambayo ndo hali unayoikuta kwa wanandoa ambao hawajawahi kutumia chochote.

Kijiti kina kesi yake ambayo huku kwetu naiona sana. Implanon ni kijiti kimoja cha miaka mitatu, Jadelle ni viwili vya miaka mitano, na mwanamke anasema "changu kiliisha mwaka juzi na mimba sioni", ukimuuliza kilitolewa lini anakwambia hakijatolewa, kipo mkononi, kimeisha muda tu. Dada yangu, hicho hakijaisha. Kijiti kikipita tarehe bado kinaweza kuendelea kufanya kazi muda mrefu tu, kwa hiyo wewe hujaacha njia, bado uko kwenye njia. Na lawama hapa siwezi kuipeleka yote kwake, manake huko vijijini kuwekewa ni rahisi kuliko kutolewa, inakuja timu ya huduma mkoba inaweka wanawake wengi kwa siku moja inaondoka, alafu miaka mitatu baadaye anafika zahanati anaambiwa aliyefundishwa kutoa kahamishwa, aende kituo cha afya, na kituo cha afya ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba. Anarudi nyumbani na kijiti chake. Serikali inatoa uzazi wa mpango bure kwenye vituo vyake na hilo ni jambo jema sana, ila bure ya kuweka inatakiwa iwe na bure ya kutoa, karibu na anapoishi.

Turudi kwenye ule muda wa kusubiri, manake hapo ndo watu wanaumia. Mwanamke yuko mwezi wa saba tangu sindano, hedhi haijarudi au inakuja matone leo na mwezi ujao haipo, na hamna mtu aliyemwambia kwamba hiyo ni kawaida. Mtu wa kwanza kumpa maelezo ni muuza dawa za asili pale Mwanjelwa mwenye spika, au mtu wa Facebook mwenye namba ya kutuma hela, na maelezo yake yananyooka: homoni zimevurugika, kizazi kina uchafu, mirija imeziba, dawa ipo ya siku 21. Anakunywa mizizi, anajifukizia, anawekwa vitu ukeni. Hivyo vya kuweka ukeni vinaweza kuunguza na kuleta maambukizi, yani mwanamke aliyekuwa mzima anatafutiwa ugonjwa kwa hela yake mwenyewe. Na kuna hatari ambayo haisemwi kabisa: baada ya sindano yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo mwanamke anaweza akashika mimba bila kuona hedhi hata moja, na anakunywa dawa kali ya kusafisha kizazi akiwa tayari na mtoto tumboni. Kabla hujameza chochote nunua kipimo cha mkojo upime, tafadhali.

Duka la dawa nalo lina yake. Clomid inauzwa kama panadol. Ile ni dawa ya kulisukuma yai kwa mwanamke ambaye imeonekana mayai yake hayatoki, inatakiwa daktari aangalie ovari kwa utrasaundi, na pia inaongeza uwezekano wa mapacha na inaweza kuvimbisha ovari. Kumpa mtu ambaye bado ana Depo mwilini ni kuisukuma ovari huku breki imekanyagwa. Hela inaisha, moyo unavunjika, na ushahidi mwingine unaongezwa kwamba "hata Clomid imeshindwa, sindano zilimmaliza".

Sasa nisije nikaonekana nasema kila mtu asubiri tu. Wapo ambao tatizo lipo kweli, na mimi naona wengi wao linapewa jina la sindano wakati mwenye kosa ni mwingine. Fikiria hivi: sindano, kijiti na kidonge havizuii magonjwa ya zinaa hata kidogo. Mwanamke anakaa kwenye sindano miaka mitano, mimba haipati, kwa hiyo kondomu haiko kwenye mazungumzo, na katikati ya hiyo miaka anapata klamidia ambayo kwa wanawake wengi haina dalili yoyote, au kisonono kilichotibiwa nusu, inapanda mpaka kwenye mirija inaacha makovu. Anakuja kuacha sindano, mimba haishiki, na kitu pekee anachokumbuka ni sindano. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Afrika kusini ya Sahara mirija iliyoharibiwa na maambukizi ndo tatizo kubwa la kutoshika mimba kuliko ilivyo mabara mengine. Wengine ni maambukizi baada ya kujifungua au mimba iliyotolewa kichochoroni. Wengine mayai yao tangu usichana yalikuwa hayatoki kila mwezi, vidonge vikawa vinawaletea damu kila baada ya wiki nne wakaona wako sawa, wameacha tatizo limeonekana. Na umri nao, aliyeshika mimba kirahisi akiwa na miaka 20 sio huyu wa 38.

Ndo maana tarehe ni muhimu. Aliye chini ya miaka 35, mwaka mmoja wa kujaribu ukipita tangu njia itoke mwilini, aende hospitali, na kwa sindano huo mwaka uanze pale miezi mitatu ya dozi ya mwisho ilipoisha, yani kama miezi 15 tangu achome. Wa miaka 35 na kuendelea asingoje mwaka, miezi sita inatosha. Mwenye maumivu makali ya nyonga, uchafu wenye harufu, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi, au ambaye mwaka umekatika hedhi haijarudi kabisa, huyo asisubiri hesabu yoyote. Aanzie kituo cha afya, akihitaji bingwa atapewa rufaa, Mbeya kipo kitengo cha wazazi Meta, na hospitali za mikoa zipo. Huko ataulizwa historia yake, atapimwa homoni, utrasaundi, na ikibidi ile picha ya mirija inayoitwa HSG. Huo ndo uchunguzi, mtu kukuangalia viganja au kukupima na kimashine cha kushika mkononi sio uchunguzi.

Na mume aende naye. Hapa sitaki kuzunguka. Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anapitia tatizo la kupata mtoto, na inakadiriwa kwamba kwenye karibu nusu ya wanandoa wenye hilo tatizo upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mkewe. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vyote atakavyofanya mwanamke, kinataka tu mtu akae siku 2 mpaka 7 bila kutoa mbegu, anatoa sampuli, basi. Lakini utakuta mwanamke kashapigwa HSG ambayo inauma, kashakunywa mizizi ya kila aina, na mume hajapimwa hata mara moja kwa sababu "mimi nina mtoto kwa mwanamke wa zamani". Mtoto wa miaka nane iliyopita anaonyesha mbegu za miaka nane iliyopita. Katikati hapo kuna kisonono, kuna pombe, kuna mishipa ya korodani iliyovimba, kuna mengi.

Kuna hesabu nyingine ambayo nyanda zetu hizi inatuhusu sana na sijawahi kusikia ikizungumzwa. Ule mwaka mmoja wa kujaribu ni mwaka wa watu wanaolala pamoja. Yai likitoka linaishi kama siku moja, mbegu zinaweza kuishi mpaka siku tano, kwa hiyo kwenye mwezi mzima siku za hatari ni kama sita, zinazoishia siku yai linapotoka. Sasa mume ni dereva wa lori, anapakia Dar, anapita hapa anaacha mboga na hela ya matumizi anaendelea Tunduma, foleni ya mpaka, Zambia, mpaka Lubumbashi, anarudi baada ya wiki kadhaa analala usiku mmoja au miwili. Mwingine yuko Chunya kwenye dhahabu, mwingine kashuka Mbarali msimu wa mpunga. Hao wakisema tumejaribu mwaka mzima, ukikaa nao ukahesabu usiku walioonana na ukaangalia ni ngapi ziliangukia kwenye zile siku sita, unaweza ukakuta ni miezi miwili au mitatu tu ya kujaribu kwa kweli. Mwanamke huyo haumwi. Anachohitaji ni mume awepo nyumbani kwa siku zenyewe, aombe ruhusa, abadilishane safari na mwenzake. Na zile app za simu zinazokwambia siku ya 14 msiziamini wakati hedhi bado haijakaa sawa baada ya sindano, angalia ute, ukiwa mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi ndo wakati, na mkiwa pamoja kila baada ya siku mbili tatu hamhitaji hata kuhesabu.

Tena kwa mikoa yetu lazima niseme na hili. Utafiti wa 2022-2023 uliweka maambukizi ya VVU Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, kwa hiyo wanandoa wengi wanaotafuta mtoto huku wako kwenye dawa, mmoja au wote. Wanaweza kuzaa watoto wazima. Waseme mapema CTC, ile kliniki wanakochukulia dawa, kwamba wanataka mtoto, wingi wa virusi upimwe, ukiwa umefubaa kabisa ndo waache kondomu, na wasiwaachie jirani au mganga nafasi ya kuwapangia.

Hata hivyo lawama kubwa mimi naiweka kwenye namna huduma ilivyopangwa, siwaonei manesi ambao mmoja anahudumia foleni nzima ya asubuhi. Kijiti kina siku ya kutolewa, kitanzi kina siku ya kutolewa, siku hiyo unakaa na mhudumu na angalau anaweza kukuambia neno. Sindano haina siku ya kuacha. Unaacha kwa kutokwenda tu. Hamna mtu anayekuona, hamna anayekueleza mwezi wa nane utakuwaje, unapotelea nyumbani na mama mkwe wako. Kwa hiyo maelezo ya kuacha lazima yatolewe siku ya kuchoma, kila siku ya kuchoma, kuanzia ya kwanza. Mama anayesema anataka mtoto mwakani aambiwe pale pale asichome hii, achukue vidonge au kondomu kwa miezi iliyobaki, na aanze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba. Anayechoma, kwenye kadi yake panapoandikwa tarehe ya kurudi paandikwe na ya pili, kwamba ukiamua kuacha baada ya hii ya leo, usishangae mpaka mwezi fulani, na ukifika mwezi fulani bado, njoo na mumeo. Ni mstari mmoja wa kalamu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kuusoma kwa sauti, mume akiwepo na mama mkwe akiwepo.